Kwa nini Archie na wenzake bado wanachekesha

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Tanga, mchoraji anayeanza. Nalifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Nilinunua rundo la vijitabu vya Archie, vile vibonzo vya Kimarekani, kwa muuza vitabu vya mitumba, vingi ni vya miaka ya 1970 na 1980. Humo hakuna simu wala intaneti, wasichana wawili wanamgombea mvulana mmoja asiye na mbele wala nyuma, na ukifika mwisho wa hadithi hakuna kilichobadilika. Nikaona vimeshapitwa na wakati. Sasa mdogo wangu wa kike, ana miaka 14, hataki kuviachia, na anacheka mpaka mama anamuuliza ana nini. Kinachomvuta ni kitu gani? Nauliza kwa sababu nami nachora hadithi ya marafiki wanne wa sekondari. Nimekutumia kurasa nane. Kila ninayemwonyesha anasema 'nzuri, ina mafunzo', ila hakuna anayecheka. Nichukue nini kwa Archie bila kumwiga?"

Marahaba, mwanangu. Kurasa zako zimefika, nitazirudia huko chini. Kwanza niseme kwamba nusu ya jibu umeiandika mwenyewe, pale unapolalamika kuwa ukifika mwisho hakuna kilichobadilika. Umeitaja kama kasoro. Mimi naona ndiyo inayoendesha gari lote.

Vibonzo vya Archie vina kanuni moja ambayo hakuna mhusika anayeitamka: hakuna anayeondoka mezani. Watadanganyana, watanyang'anyana miadi, watasutana mbele ya shule nzima, na Reggie, mwenzao mwenye majivuno, atamwekea Archie mtego wa kumwaibisha ambao katika maisha ya kawaida ungevunja urafiki wa miaka. Ukifungua hadithi inayofuata, wote wamekaa tena kwenye duka la Pop Tate, wanakunywa maziwa ya baridi na kula hambaga, na bili hajalipa mtu. Msomaji analijua hilo kabla hajageuza ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa analijua, anapata ruhusa ya kucheka mahali ambapo vinginevyo angesikitika.

Jambo hili sisi hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani, maana tunao utani. Mpare na Mchaga wanaweza kuambiana maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine watu wangeshikana mashati. Msibani mtani anaweza kujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Inawezekana kwa sababu uhusiano umeshafungwa kabla ya maneno kusemwa. Hauko mezani kujadiliwa. Ondoa kifungo hicho, maneno yaleyale yanakuwa matusi. Archie na Reggie ni watani. Betty na Veronica, wale wasichana wawili, ni watani. Hata mkuu wa shule, Bwana Weatherbee mwenye kitambi na kichwa kisichokuwa na nywele za kutosha kuchana, ni mtani wa vijana wake, ingawa yeye angekataa katakata.

Sasa mtazame mdogo wako. Ana miaka 14. Urafiki anaoujua yeye unaweza kwisha saa nne usiku kwa mtu kujitoa kwenye kundi la WhatsApp, au kwa namba kufungiwa bila maelezo. Riverdale, mji wa Archie, hakuna kumfungia mtu namba. Ukimkosea rafiki asubuhi utakutana naye kwenye korido, darasani, uwanjani na kwenye kiti cha pembeni yako kwa Pop, na mtalazimika kumalizana kwa njia moja au nyingine. Wewe uliona ukosefu wa simu ukafikiri ni uzee. Nadhani kwake ni raha.

Kuna na kipimo cha mambo yenyewe. Katika hadithi hizi kinachoweza kupotea ni kidogo sana: miadi ya Jumamosi, dola mbili, alama ya mtihani, shati jipya lililomwagikiwa rangi. Nyuma ya vyote iko aibu, na kwa mtu wa miaka 14 hakuna kitu kikubwa kuliko aibu. Kuanguka ngazini mbele ya unayempenda ni msiba. Archie anaanguka ngazini karibu kila wiki, na hadithi inapokwisha bado yuko hai na bado ana marafiki.

Haikuanza hivyo kwa makusudi ya falsafa. Kampuni iliyomtoa ilikuwa New York, ikiitwa MLJ kwa herufi za kwanza za majina ya waanzilishi wake watatu, Maurice Coyne, Louis Silberkleit na John Goldwater. Biashara yao ilikuwa mashujaa wenye misuli. Mmoja wao, the Shield, alivaa bendera ya Marekani kabla Captain America hajazaliwa. Ndani ya jarida lao la Pep Comics, toleo la 22 lenye tarehe ya Desemba 1941, wakapachika hadithi fupi ya kijana mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni. Anataka watu wamwite "Chick", jina lake Archie halitaki, na anahangaika kumvutia msichana mpya wa jirani, Betty Cooper. Jughead, rafiki yake mkubwa, yupo tangu hadithi hiyo ya kwanza. Veronica Lodge, binti wa tajiri, aliingia Aprili 1942. Mwishoni mwa mwaka huohuo Archie akawa na jarida lake mwenyewe, na mwaka 1946 kampuni ikabadili jina kumfuata yeye. Baada ya vita mashujaa wengi wa vibonzo walikosa wasomaji, na kijana wa nywele nyekundu akabaki dukani.

Hadithi ile ya kwanza iliandikwa na Vic Bloom na kuchorwa na Bob Montana, na huyu Montana ndiye wa kumsoma kwa makini. Wazazi wake walikuwa wasanii wa majukwaani, kwa hiyo alikua akiona jinsi mchekeshaji anavyosubiri kabla ya kutoa neno la mwisho. Halafu akasoma sekondari Haverhill, mji wa viwanda katika jimbo la Massachusetts, na huko alikuwa na tabia ya kuchora wenzake na walimu kwenye shajara. Riverdale imetoka humo. Kuanzia 1946 mpaka alipofariki mwaka 1975 alichora Archie wa magazetini, na ukimsoma unaona mtu anayewajua watu anaowachora, sio anayewabuni. Mwanzoni Archie alikuwa mkorofi zaidi, meno yametokeza, miguu haitulii. Ulaini ulikuja baadaye.

Sehemu ya ulaini huo ilikuwa biashara, tusidanganyane. Mwaka 1954 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu vibonzo na uhuni wa vijana, na wachapishaji kwa hofu wakajiundia kanuni za maadili na muhuri wa kuthibitisha kila toleo. John Goldwater alikuwa mstari wa mbele katika chama cha wachapishaji kilichosimamia muhuri huo. Waliokuwa wakichapisha vibonzo vya kutisha waliumia. Archie, ambaye tayari alikuwa mtoto wa watu, akanawiri. Mwaka huohuo jarida la Mad lilimkejeli kwa kumgeuza yeye na genge lake kuwa wahuni wavuta sigara. Kejeli hiyo ni kali na inachekesha mpaka leo, lakini huwezi kuisoma kila wiki kwa miaka thelathini.

Sasa tuje kwa wahusika wenyewe, hapa ndipo penye mali.

Mwangalie Jughead kwanza. Jina lake rasmi ni Forsythe Pendleton Jones wa Tatu, na msomaji wa leo anadhani amevaa taji. Lile si taji. Ni kofia ya kiume iliyokatwa ukingo kwa meno ya msumeno na kukunjwa juu, mtindo wa vijana na mafundi makanika wa Marekani wa miaka ya 1930. Mtindo umekufa, kofia imebaki, na haijamzuia mtu yeyote kucheka. Jughead anataka kula, anataka kulala, hataki wasichana, na hataki kusifiwa. Katika kundi ambalo kila mtu anakimbilia kitu fulani, yeye hakimbii. Kwa hiyo ndiye anayeona. Anapoketi na hambaga yake akimtazama Archie akipanga kuwa na miadi miwili usiku mmoja, msomaji anatazama kwa macho yake yaliyofumba nusu, na anajua kitakachotokea kabla Archie hajajua.

Urafiki wake na Archie unadumu kwa sababu ya kiufundi kabisa: wawili hao hawataki kitu kimoja. Hawawezi kugombana kwa muda mrefu maana hakuna cha kugombea. Reggie, kinyume chake, anataka kila anachotaka Archie, ndiyo maana wakiwekwa kwenye kisanduku kimoja cha picha hadithi inaanza yenyewe bila mwandishi kutoa jasho. Chukua karatasi, andika wahusika wako wanne, na mbele ya kila mmoja andika anachotaka. Utaona mara moja nani ataelewana na nani, na nani atawasha moto.

Betty na Veronica wanavunja hesabu hiyo, na hapo ndipo vibonzo hivi vinapopata utamu ambao wakosoaji wengi hawauoni. Wanataka kitu kimoja, mvulana mmoja, tena mvulana wa kawaida tu mwenye gari bovu. Kwa hesabu ya Reggie walipaswa kuwa maadui. Lakini fungua vijitabu vyako: wanalala nyumbani kwa mwenzake, wanakwenda madukani pamoja, wanasimuliana siri. Tangu 1950 wana jarida lao wenyewe, na humo utakuta hadithi nyingi ambazo Archie anapita tu mlangoni au hayupo kabisa. Mmoja tajiri, mwingine wa kipato cha kawaida anayejishonea nguo na kutengeneza gari la Archie kwa mikono yake. Wanachukiana kwa dakika kumi na kupendana kwa maisha. Ukimuuliza mdogo wako anayempenda ni nani, sitashangaa akikutajia mmoja wa hawa wawili na sio Archie.

Sura zao za leo zimetoka kwa Dan DeCarlo, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwachora kwa mstari safi na macho makubwa hadi kampuni ikawataka wachoraji wengine wamfuate. Josie, mhusika mwingine wa kampuni hiyo, alipewa jina la mke wa DeCarlo. Mwaka 2000 mzee huyu aliachishwa kazi baada ya kwenda mahakamani kudai haki zake juu ya Josie, na akafariki mwaka uliofuata. Nalitaja kwa sababu wewe ni mchoraji: soma mkataba kabla ya kutia saini, hata kama kampuni inauza urafiki.

Sitaki udhani naona kila kitu kizuri. Vichekesho vya Ethel, msichana mrefu mwenye meno anayemkimbiza Jughead, vimenichosha siku nyingi. Kinachochekwa humo ni sura ya mtu tu. Moose, mbabe wa darasa asiyeelewa somo lolote, anaokolewa na jambo moja: anampenda msichana wake, Midge, kweli, na Reggie akimsogelea Midge tunajua ngumi inakuja, hatujui tu itatoka upande gani. Na Chuck Clayton, kijana Mweusi wa kwanza mwenye nafasi ya kudumu katika genge lile, aliingia mwaka 1971, miaka thelathini baada ya Archie. Hiyo ni miaka mingi kwa mji unaojisifu kuwa rafiki wa kila mtu. Chuck, kwa taarifa yako, ndoto yake ni kuwa mchora vibonzo.

Kuhusu kazi ya mkono, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kurasa zako zinapoanguka.

Hadithi ya kawaida ya Archie ina kurasa tano au sita, nyingine ni ukurasa mmoja au hata nusu. Hakuna nafasi ya kueleza. Mwandishi Frank Doyle, aliyeandika maelfu ya hadithi hizi kwa miongo kadhaa, alikuwa akiingia katikati ya mazungumzo, kama vile msomaji amefika kwa Pop akakuta watu wameshaanza kubishana. Kisanduku cha kwanza kinakuonyesha nani anataka nini. Kufikia mwisho wa ukurasa wa pili mpango mbovu umeshapangwa. Kurasa mbili zinazofuata mpango unaharibika kwa sababu ya tabia ya mtu, karibu kila mara tabia tunayoijua: uroho wa Jughead, majivuno ya Reggie, ahadi mbili za Archie. Ajali za kubahatisha wanazitumia kwa uchache. Kisha kisanduku cha mwisho kinageuza kila kitu kwa sentensi moja au kwa uso mmoja.

Wachoraji nao waligawana kazi kwa vipaji. Harry Lucey alichora miili. Archie wake akishtuka anashtuka mpaka vidoleni, na unaweza kufunika viputo vyote vya maneno kwa kiganja ukaifuata hadithi bila kupotea. Jaribu zoezi hilo kwenye kijitabu chochote ulichonacho chenye mkono wake. Samm Schwartz, mtu wa Jughead, alikuwa na ujanja mwingine: wahusika wakuu wanazungumza mbele, na nyuma yao kuna mbwa, mpita njia au mtoto anayefanya jambo la ajabu ambalo hakuna anayelitaja. Msomaji wa mara ya kwanza anamkosa yule mbwa. Akirudia kusoma anamkuta, na anahisi mchoraji amemkonyeza yeye peke yake. Vijitabu vidogo vilivyoanza kuuzwa mwaka 1973, vile vilivyokuwa vikipangwa kwenye kaunta za kulipia za maduka makubwa ya Marekani, vilijazwa hadithi za zamani na mpya zikichanganywa, na viliweza kuchanganywa kwa sababu hizi mbili: hakuna hadithi inayohitaji nyingine, na kila moja inavumilia kurudiwa.

Unaweza kuuliza: je, kanuni ya meza haiwezi kuvunjwa? Imevunjwa, na kilichotokea kinafundisha. Mwaka 2009, katika toleo la 600, Archie alimposa Veronica. Magazeti ya dunia yakaandika. Matoleo machache baadaye akamposa Betty. Ikadhihirika kuwa zote mbili ni njia za kufikirika za maisha ya baadaye, alizopita akitembea katika mtaa wa kumbukumbu. Kutoka hapo likazaliwa jarida la Archie mtu mzima, mwenye ndoa na kodi ya nyumba, na mwezi Julai 2014 Archie huyo alikufa kwa risasi akimkinga rafiki yake Kevin Keller. Kifo kizuri kwa mtu aliyeishi kwa ajili ya marafiki, na niliguswa. Lakini katika rafu ya jirani Archie mwingine, wa miaka 17, alikuwa anaendelea kukwepa bili ya Pop. Kampuni ilijua kuwa inaweza kumuua mmoja kwa sharti kwamba mwenzake abaki mezani.

Mwaka 2015 mwandishi Mark Waid na mchoraji Fiona Staples walianza upya wakimpa Archie hadithi inayoendelea, ambamo ugomvi wa toleo moja unakumbukwa katika toleo linalofuata. Naipenda kazi ile, michoro ni mizuri mno. Lakini ukiisoma utahisi kicheko kimekuwa cha tahadhari, maana sasa mtu anaweza kuumia akabaki ameumia. Tamthilia ya televisheni iliyoanza 2017 ilikwenda mbali zaidi, ikafungua na mauaji, na ilidumu hadi 2023. Ilipata wapenzi wengi. Vichekesho haikuwa navyo vya kutosha, na sidhani ilivitafuta. Wahindi nao, ambao wamesoma Archie kwa vizazi, walimhamishia kwenye mji wa milimani wa India ya miaka ya 1960 katika filamu ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Zoya Akhtar. Hambaga na theluji, kumbe, vinaweza kuachwa nyuma.

Na sisi hatukukaa bila kitu. Waliolelewa na jarida la Sani wanawajua Madenge, Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili bila kuelezwa. Kenya ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika magazeti ya Taifa. Ukiwatazama kwa jicho la mchoraji utagundua kuwa wengi wao ni mtu mmoja dhidi ya mji: mjanja, mlevi, mtoto mtundu, juha. Kicheko chao kinatoka kwa mtu mmoja anayeharibu, na marafiki ni wapita njia. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010 kwa Sheng, ilileta vijana kadhaa kwa pamoja, ingawa nayo ilibeba ujumbe wa maendeleo kwa hiyo haikuwa huru kucheka tu. Kundi la marafiki wa sekondari ambao kazi yao ni kuchekeshana, bila kutumwa na mradi wowote, bado lina nafasi kubwa kwetu. Kwa hiyo endelea.

Turudi kwenye kurasa zako nane. Shomari amekula mchango wa mahafali. Neema amegundua. Zawadi anatangaza kwamba urafiki umekwisha. Mwalimu wa nidhamu anawaita, anatoa nasaha ukurasa mzima, Shomari analia, wanakumbatiana. Kibwana yupo kwenye visanduku vingi na sikuona anachokifanya.

Kukumbatiana ndiko kunakoua. Ukionyesha marafiki wakipatana kwa machozi, umemwambia msomaji kuwa kulikuwa na hatari ya kweli ya kuachana, na mtu aliye katika hatari hachekwi. Futa kisanduku hicho. Wakae pamoja ukurasa unaofuata bila maelezo, kama watu ambao hawana pengine pa kwenda. Zawadi asiuvunje urafiki mara moja tu kwa uchungu. Awe mtu anayetangaza kuvunja urafiki kila Jumatatu, na wenzake wanaendelea kula. Neema aandike madeni ya Shomari kwenye daftari tangu kidato cha kwanza, na daftari hilo lionekane nyuma, kwapani, mezani, likizidi kunenepa kadiri hadithi zinavyokwenda, bila mtu kulitaja. Kibwana mpe kitu asichokitaka. Usimfanye mlaji, huyo ameshachukuliwa.

Na fedha yenyewe. "Amekula mchango" ni kosa la jinai, msomaji anamkasirikia. Fikiri hivi: Shomari ametumia mchango kununua suti moja nzuri, akiamini ataikodisha kwa wahitimu na kurudisha fedha yote na faida juu. Huo ni mpango mbovu unaotoka kwenye tabia yake, na kila mkopaji sugu tunayemjua ana imani hiyohiyo. Siku ya mahafali imefika, wateja wamekimbia, fedha haipo, suti ni moja. Ukurasa wa mwisho uwe picha nne za mahafali zilizobandikwa ukutani: Shomari kavaa suti, Kibwana kavaa suti inayombana, Zawadi kalivaa koti la suti hiyo juu ya gauni, Neema pia, daftari mkononi. Hakuna neno hata moja. Wamesameheana wapi? Humohumo.

Mtu mzima wa hadithi yako ndiye kazi ngumu zaidi. Bwana Weatherbee anachekeka kwa sababu adhabu yake kali ni kumbakiza mtu darasani baada ya masomo. Kwetu sheria bado inaruhusu viboko, na mwanafunzi aliyechapwa asubuhi hawezi kumcheka mwalimu wa nidhamu jioni kwa moyo mweupe. Sisemi usimchore mwalimu, ila asiwe ndiye nguzo. Tafuta mkubwa ambaye vijana wanapambana naye karibu kwa usawa. Konda wa daladala anayewakataa wanafunzi kwa sababu ya nusu nauli ni zawadi kutoka mbinguni: kila siku yupo, kila siku anashinda, na siku moja gari linaharibika na anahitaji wa kusukuma. Mlinzi wa geti naye anafaa. Na meza yenu, ile ambayo hakuna anayeiacha, iwe kwa mama wa mihogo ya kukaanga na pilipili nje ya shule, mwenye kumbukumbu nzuri kuliko daftari la Neema.

Usikopi hata mstari wa mavazi, rangi ya nywele wala wasichana wawili na mvulana mmoja. Pembetatu ile ni ya kwao, na kusema kweli hata wao imewachosha. Chukua kanuni ya meza, chukua urefu wa kurasa tano, chukua mbwa wa Schwartz.

Mwisho, viputo vyako vina maneno mengi mno. Katika ukurasa wa tano mwalimu anafunika vichwa vya wanafunzi wote kwa nasaha zake, nami nilitaka kuziona nyuso zao. Anza kwa kuandika mazungumzo yote, kisha kata nusu, halafu angalia kama uso uliouchora tayari unasema nusu iliyobaki. Tumia kalamu nene zaidi kwa herufi, maana zitapunguzwa zikichapwa, na acha nafasi nyeupe kati ya maneno na ukingo wa kiputo.